Mawe ya Figo: Namna ya Kuyazuia na Kuyakabili kwa Mkazi wa Tanga

Maumivu ya jiwe la figo huanza ghafla upande mmoja wa mgongo, chini ya mbavu, yakazunguka ubavuni na kuteremka hadi kinenani. Kwa wanaume hufika hata kwenye korodani. Hupanda mpaka mgonjwa hajui akae, asimame au alale, hupungua kwa muda, kisha hurudi kwa nguvu ileile. Wengi hutapika, na wengine huona mkojo umegeuka rangi ya chai ya rangi au ya damu. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala kimya kwa sababu kila anapojitikisa huumia zaidi, lakini mwenye jiwe hatulii: atazunguka chumbani, atapiga magoti, atatoka uani na kurudi. Tofauti hiyo ndogo humsaidia hata mtu asiye na elimu ya tiba kukisia kinachomsumbua mgonjwa aliye mbele yake.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wanaoishi na kufanya kazi Tanga, mjini na kwenye vijiji vya pwani na vya mashamba, kwa kuwa mazingira yetu yana mengi yanayoipa figo kazi ngumu. Joto la hapa huja pamoja na unyevu, na jasho hutoka hata kwa mtu aliyekaa barazani. Mvuvi anayerudi na boti jua likiwa limeshapanda, mkata mkonge, mchukuzi wa mizigo bandarini, dereva wa bodaboda na mama lishe anayesimama mbele ya jiko tangu alfajiri, wote hupoteza maji mengi kwa ngozi kabla figo haijapata sehemu yake. Mambo mawili ndiyo ninayotaka yashike kuliko mengine yote. La kwanza ni kwamba kinga dhidi ya mawe hupimwa kwa mkojo unaotoka, si kwa maji unayoamini kuwa umekunywa. La pili ni kwamba kuisha kwa maumivu si uthibitisho kwamba jiwe limetoka.

Jiwe linavyojijenga

Figo huchuja damu usiku na mchana, na taka pamoja na madini ya ziada hutolewa kwa mkojo. Baadhi ya vitu hivyo, hasa kalsiamu, oksaleti (itokayo kwa sehemu kwenye baadhi ya mboga na vyakula) na asidi ya yuriki (taka inayoongezwa na nyama), hubaki vimeyeyuka maadamu maji yanatosha. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi ya ukanda wetu ameona kinachofuata maji yakipungua: chumvi hukosa pa kuyeyukia, ikajitenga na kuganda chembechembe. Hali hiyohiyo hutokea ndani ya figo mkojo unapokuwa mchache na mzito. Chembe za kwanza hazionekani kwa macho. Nyingi hutoka bila mtu kujua, lakini zikipata mahali pa kushika, nyingine hujipachika juu yake, na kwa miezi au miaka hukua zikawa jiwe. Mkojo wenyewe una mlinzi wake, sitireti, ambayo huishika kalsiamu kabla haijakutana na oksaleti. Mtu mwenye sitireti kidogo hupata mawe kwa urahisi hata kama vitu vingine havijazidi.

Mawe mengi, takriban manne kati ya matano, yana kalsiamu ndani yake, na zaidi ni ya kalsiamu na oksaleti. Yanayofuata ni ya asidi ya yuriki, ambayo huwapata hasa watu wenye jongo, kisukari au uzito uliopitiliza, na wale ambao mlo wao wa kila siku umejaa nyama, maini, figo, utumbo na dagaa. Aina ya tatu hutokana na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Huwapata wanawake zaidi, hukua haraka, na jiwe la aina hii linaweza kuijaza nafasi yote ya ndani ya figo kabla mgonjwa hajasikia maumivu ya kutisha. Mwanamke anayetibiwa UTI mara kwa mara, akipewa dawa ileile bila mkojo kuoteshwa maabara ili vijidudu vitambuliwe wala figo kupigwa picha, anapaswa kudai vipimo hivyo viwili. Aina ya nne, ya sistini (kijenzi kimojawapo cha protini), ni ya kurithi na ni nadra. Ishara yake ni mawe yanayoanza utotoni au ujanani na kurudi bila kukoma. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye jiwe, hata dogo, asiachwe bila kuchunguzwa chanzo chake.

Ndugu wa damu wa mtu mwenye mawe wana hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu zikifanya kazi kupita kiasi, mawe huja yenyewe, na ndiyo maana daktari makini hupima kalsiamu kwenye damu ya mgonjwa. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 ambavyo watu humeza kila siku kwa kuogopa mafua hugeuka kwa sehemu kuwa oksaleti, na mwenye historia ya mawe hana sababu ya kuvitumia, chungwa linatosha.

Mchanga ulioachwa kwenye mchele na mbegu za mapera haviwezi kuwa jiwe la figo, kwa kuwa chakula kigumu kisichoyeyuka hupita utumboni na kutoka kwa choo, bila kufika kwenye figo hata kidogo. Kuhusu maji ya kisima yenye ladha ya chumvichumvi, ambayo vijiji vingi vya pwani vinayategemea, kosa lake si kokoto zinazobaki kwenye sufuria. Tatizo ni kwamba yanaongeza chumvi mwilini, na kwa kuwa hayanyweki vizuri, watu hunywa machache.

Kupima mkojo, si kuhesabu glasi

Ushauri wa kunywa glasi nane kwa siku hauwezi kumfaa sawasawa karani wa ofisi yenye kiyoyozi na mvuvi wa Kigombe. Lengo linalokubalika kwa mtu aliyewahi kupata jiwe ni kutoa mkojo usiopungua lita mbili na nusu kwa saa 24. Nchini Italia, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitano watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996: kati ya 99 walioongeza maji, 12 walipata jiwe jingine, kati ya 100 walioendelea kama kawaida, walikuwa 27. Ni vigumu kupata dawa ya bei hiyo yenye nguvu hiyo.

Kujipima nyumbani hakuhitaji maabara. Chagua siku ambayo hutoki, na uandae chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu pamoja na kopo la mdomo mpana. Ukiamka, tuseme saa kumi na mbili asubuhi, kojoa chooni kama kawaida. Mkojo huo hauhesabiwi, kwa sababu ni wa usiku uliopita. Kuanzia hapo kila mkojo uingie kwenye kopo, kisha kwenye chupa, hadi saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili, ukijumlisha na ule wa kuamkia. Chupa ikijaa, andika, mwaga, anza upya. Ukijaza chupa moja na theluthi mbili za chupa ya pili umefika kwenye lengo. Ukiona chupa moja haijajaa, basi umejua ukweli wa mwili wako, na unaweza kuongeza maji kidogo kidogo na kurudia kipimo baada ya wiki mbili. Ni vyema kurudia pia wakati wa kaskazi, joto linapozidi, kwa sababu kiasi kilichotosha mwezi Julai hakitoshi Februari.

Siku nyingine zote, rangi ndiyo itakayokuongoza: mkojo mweupe au wa manjano hafifu ni mzuri, na wa rangi ya asali ni dalili ya upungufu. Anayemeza vidonge vya vitamini B au dawa za kifua kikuu asiitegemee rangi, kwa kuwa dawa hizo hubadilisha mkojo hata kama maji yanatosha.

Anayekaa kivulini hufikia lengo kwa lita tatu hivi za vinywaji. Anayetokwa jasho atahitaji zaidi, na kiasi hicho kigawanywe. Kunywa lita nzima mara moja asubuhi na kukaa na kiu hadi jioni huacha saa nyingi za mkojo mzito. Glasi mbili baada ya kuamka, moja au mbili katika kila mlo, moja kila baada ya saa mbili kazini, na moja kabla ya kulala ni mpangilio unaowezekana. Mtu anayeamka usiku kwenda haja anywe nusu glasi kabla ya kurudi kitandani, maana mkojo wa usiku ndio mzito kuliko wote. Mvuvi apakie dumu lake la maji kama anavyopakia mafuta ya mashine, alipe jina lake, na alimalize kabla ya kufika pwani.

Kuna kizuizi ambacho ushauri wa kitabibu hukisahau mara nyingi. Wanawake wengi wanaouza sokoni, stendi na kando ya barabara hujizuia kunywa kwa makusudi, kwa kuwa choo hakipo, ni kichafu, au kinalipiwa kila unapoingia. Huwezi kumlaumu mtu huyo. Viongozi wa masoko na wa serikali za mitaa wafahamu kwamba choo safi chenye maji ni sehemu ya kinga ya ugonjwa huu, na kamati ya soko inayokidai inadai haki ya afya.

Mwenye moyo dhaifu, mwenye miguu inayovimba, au aliyeambiwa figo zake zimeshindwa kazi kwa kiasi kikubwa asifuate vipimo hivi bila idhini ya daktari, kwa sababu maji mengi yanaweza kumzamisha mapafu.

Ndimu, dafu na mbilimbi

Maji matupu yanatosha, lakini ndimu ina faida yake kwa kuwa sitireti iliyomo huongeza ile ya kwenye mkojo. Kamulia ndimu mbili kwenye lita moja ya maji, unywe kwa siku, bila sukari na, tafadhali, bila ile chumvi ambayo wengi wetu tumezoea kuitia. Machungwa ya Muheza yanapokuwa yamejaa barabarani, kula mawili kwa siku ni kinga nzuri na tamu. Maji ya dafu nayo yameonekana, katika utafiti mdogo kwa watu wenye afya, kuongeza sitireti na potasiamu kwenye mkojo. Kwa sababu ya potasiamu hiyo, mwenye figo zilizoshindwa kazi ayaepuke.

Mbilimbi, hata hivyo, haimo katika kundi hili ijapokuwa ni chachu kama ndimu. Tunda hili tunalolitia kwenye mchuzi wa samaki na kwenye achari limejaa oksaleti. Vipande vichache ndani ya chungu cha familia havina shida, lakini juisi yake mbichi ni jambo la hatari: huko Kerala, India, ambako nako mti huu hupandwa majumbani, madaktari wameripoti wagonjwa ambao figo zao zilisimama kazi baada ya kunywa juisi nzito ya mbilimbi kama dawa ya kupunguza lehemu. Mtu akikushauri kuinywa ili kuyeyusha jiwe, kataa.

Chai na kahawa hazikatazwi. Kahawa chungu ya barazani haijaonekana kuongeza mawe, na chai ya maziwa ni bora kuliko ya rangi iliyoiva sana kwa kuwa kalsiamu ya maziwa hushika oksaleti ya majani. Soda na juisi za viwandani zenye sukari nyingi ndizo za kupunguza.

Chumvi, maziwa na mboga

Figo inapotoa sodiamu ya chumvi huivuta na kalsiamu pamoja nayo, kwa hiyo kila kijiko cha ziada cha chumvi huongeza malighafi ya jiwe kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu hiyo ipeleke jikoni: familia ya watu wazima watano inapaswa kuitumia pakiti ya nusu kilo kwa siku zisizopungua 20, na hapo bado hatujahesabu chumvi ya mkate, ya vidonge vya kuungia mchuzi, ya chipsi na ya achari. Andika tarehe kwenye pakiti siku unapoifungua, na jibu utalipata bila kuuliza mtu. Endelea kutumia chumvi yenye madini joto, ila kwa kiasi kidogo. Ng'onda na papa mkavu walowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na tui zito vitabeba ladha, na baada ya wiki chache ulimi huzoea.

Kuhusu maziwa, ushauri potofu umeenea kiasi cha kuhuzunisha. Mgonjwa huambiwa jiwe lake ni la kalsiamu, naye huacha maziwa, mtindi na dagaa siku hiyohiyo. Kumbe kalsiamu ikiwa tumboni pamoja na chakula huishika oksaleti, na vyote viwili hutoka kwa choo. Ikikosekana, oksaleti huingia kwenye damu bila kizuizi na kuishia kwenye figo. Mwaka 2002 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 120 wenye mawe ya kujirudia. Sitini waliopunguza kalsiamu walifuatiliwa miaka mitano na 23 kati yao walipata mawe tena; sitini waliokula kalsiamu ya kawaida lakini wakapunguza chumvi na nyama, waliopata tena walikuwa 12. Kwa hiyo glasi mbili za maziwa au bakuli mbili za mtindi kwa siku, zikinywewa pamoja na mlo, ni tiba na si sumu. Vidonge vya kalsiamu ni jambo jingine: aliyeandikiwa avimeze pamoja na chakula, na amweleze daktari kwamba aliwahi kupata jiwe.

Mchicha una oksaleti nyingi, na spinachi pia, lakini sipendekezi kuuondoa kwenye sahani ya Mtanzania, kwani faida zake ni kubwa na njia ya kuupika salama ni rahisi. Chemsha maji mengi kwenye sufuria pana hadi yatokote, tia mchicha uliokatwa, uache uchemke dakika chache huku sufuria ikiwa wazi, kisha umimine kwenye chujio na kumwaga yale maji ya kijani. Oksaleti inayoyeyuka huondoka nayo. Ukamue kidogo kwa mwiko, ndipo uunge kwa kitunguu na tui. Ukiupakua pamoja na dagaa wanaoliwa na miiba yao, au mtindi pembeni, kalsiamu yao itamalizia kazi. Karanga, korosho na ufuta viliwe kwa kiganja, si kwa bakuli.

Nyama na samaki viwepo kwa kiasi cha kiganja cha mkono bila vidole katika mlo mmoja au miwili kwa siku, na maharage, kunde au choroko vishike nafasi katika milo mingine. Mwenye mawe ya asidi ya yuriki apunguze zaidi supu ya utumbo, maini na dagaa. Huyo kalsiamu yake aitafute kwenye maziwa.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango. Aliyewahi kupata jiwe na sasa ni mzima anaweza kufunga kwa kugawa maji yake kuanzia futari hadi daku, glasi moja kila saa anapokuwa macho, na kwa kupunguza vyakula vya chumvi wakati wa daku. Mwenye jiwe lililoko kwenye mrija unaotoa mkojo kwenye figo kwenda kibofuni, mwenye figo moja, au aliyetoka kwenye upasuaji amwone daktari kabla ya mwandamo. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuitumia si udhaifu wa imani.

Siku maumivu yanapoanza

Hatua ya kwanza ni kutuliza maumivu, na ya pili ni kufika kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa jiwe ni za kundi la diklofenaki na ibuprofeni. Hata hivyo hazimfai mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mtu aliyetapika hadi kukauka. Hao watumie parasetamoli, gramu moja kila baada ya saa sita bila kuzidi gramu nne kwa siku, mpaka wafike hospitali. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa kiunoni, huleta nafuu ya kweli.

Usinywe maji kwa pupa ukidhani utalisukuma jiwe. Mrija ukiwa umezibwa, maji mengi huongeza mgandamizo nyuma ya jiwe na maumivu huzidi. Kunywa kwa kadiri ya kiu. Kwa sababu hiyohiyo dawa za mitishamba za kuongeza mkojo hazifai wakati huo, na zile ambazo muuzaji hasemi zimetengenezwa kwa nini zisiguswe kabisa, kwani figo ndiyo itakayolazimika kuzisafisha.

Tangu maumivu yaanze, kojoa kwenye kopo na upitishe mkojo kwenye chujio la chai la zamani au kitambaa chepesi cheupe. Jiwe likitoka linaweza kuwa dogo kama punje ya mtama, la kahawia au jeusi, lenye kingo kali. Liache likauke, liweke kwenye kichupa kikavu, umpelekee daktari. Hospitali zenye uwezo wa kulichunguza zikibaini ni la aina gani, ushauri wa chakula utalenga jiwe lako na si mawe ya watu wote.

Zipo hali ambazo hazingoji asubuhi. Maumivu ya ubavu yakifuatana na homa na kutetemeka, maana yake huenda usaha umefungiwa nyuma ya jiwe, na sumu yake inaweza kuingia kwenye damu na kuua ndani ya muda mfupi. Antibaotiki peke yake haitoshi. Mkojo uliofungiwa lazima ufunguliwe njia. Homa ya namna hii Tanga huitwa malaria kwa haraka mno, na hata kipimo cha malaria kikionyesha kuwa unayo, endelea kudai ubavu uchunguzwe. Haraka hiyohiyo inamhusu mtu ambaye mkojo umekatika kabisa, mwenye figo moja, mjamzito, na anayetapika kila anachokunywa. Mwanamke ambaye hedhi imechelewa na ana maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo apimwe ujauzito kwanza, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi hufanana na jiwe na huua haraka zaidi.

Damu kwenye mkojo, huku kwetu, ina mlango mwingine. Kichocho cha mkojo bado kipo kwenye maeneo mengi ya mkoa huu, na kijana aliyekulia akioga kwenye madimbwi na mito inayopita polepole anaweza kukojoa damu, hasa mwishoni mwa mkojo, bila jiwe lolote. Mkojo wa kupima kichocho hutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Kichocho cha muda mrefu huacha makovu kwenye mirija ya mkojo, na hapo maambukizi na mawe hupata nafasi. Kukitibu mapema ni kuzilinda figo. Naye mtu wa makamo anayekojoa damu bila maumivu yoyote asijiambie kuwa ni jiwe, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani ya kibofu.

Kinachofanyika hospitalini

Kituo cha afya kinaweza kupima mkojo na kutuliza maumivu. Kwa picha na uamuzi wa tiba, wakazi wengi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na wanaohitaji utaalamu zaidi wa mfumo wa mkojo hupewa rufaa kwenda Muhimbili jijini Dar es Salaam au KCMC mjini Moshi. Altrasaundi huonyesha figo iliyovimba na mawe yaliyomo ndani yake, haina mionzi, na ndiyo inayomfaa mjamzito na mtoto, lakini hulikosa mara nyingi jiwe lililo katikati ya mrija. Eksirei ya kawaida haionyeshi mawe ya asidi ya yuriki. Kipimo cha CT bila dawa ya mshipani ndicho kinachoona karibu mawe yote. Damu hupimwa kreatinini, taka ambayo figo huiondoa, ili kujua figo zinafanya kazi kwa kiwango gani. Usiondoke bila kuuliza maswali matatu: jiwe lina milimita ngapi, liko wapi, na figo imevimba au haijavimba? Majibu hayo yaandikwe kwenye cheti chako.

Jiwe lililo chini ya milimita 5 hutoka lenyewe mara nyingi, ndani ya wiki chache. Kati ya milimita 5 na 10 uwezekano ni kama nusu kwa nusu, na daktari anaweza kuandika tamsulosini, dawa inayolegeza mrija. Husababisha kizunguzungu, basi inywewe wakati wa kulala. Zaidi ya milimita 10, kusubiri ni kupoteza muda. Mawe ya asidi ya yuriki ndiyo pekee ambayo kwa kawaida huyeyushwa kwa dawa ya kunywa, potasiamu sitireti, mgonjwa akisimamiwa na mkojo wake ukipimwa ukali wa asidi mara kwa mara. Mengine huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, njia iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza mjini Munich mwaka 1980, au kwa leza inayopitishwa na kamera ndogo kupitia njia ya mkojo, au kutolewa kwa tundu dogo la mgongoni ikiwa ni makubwa. Upasuaji wa kufungua bado upo mahali ambapo vifaa hivyo havijafika, na hufanya kazi.

Sasa lile jambo la pili nililolitaja mwanzoni. Jiwe lililoziba mrija huuma kwa sababu figo inasukuma. Ikichoka kusukuma, maumivu hutulia ingawa jiwe halijatoka. Mgonjwa hushukuru, hurudi kazini, na figo inaendelea kufa kimya kwa miezi. Kama hukuliona jiwe kwenye chujio, rudi ukapigwe picha tena kabla ya wiki nne kupita, hata kama unajisikia mzima kabisa. Kuahirisha safari hii kwa ajili ya nauli naelewa kunavyotokea, lakini gharama ya kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hailingani na nauli yoyote.

Baada ya hapo, kati ya theluthi na nusu ya waliopata jiwe la kwanza hupata jingine ndani ya miaka kumi, kwa hiyo altrasaundi moja kila mwaka ni ya busara, pamoja na kile kipimo cha chupa nyumbani.

Kwa aliyetibiwa Dar es Salaam au Moshi na kurudi Tanga, kuna tahadhari ya mwisho. Madaktari mara nyingi huacha ndani ya mrija wa mkojo mpira mwembamba unaoitwa stenti ili njia isizibe. Hauonekani kwa nje. Huleta haja ya kukojoa mara kwa mara na damu kidogo, kisha mtu huuzoea. Stenti ya kawaida hutakiwa kutolewa au kubadilishwa ndani ya wiki au miezi michache, kwa kawaida isizidi mitatu. Ikisahauliwa, madini huganda juu yake, na kuitoa huwa upasuaji mgumu kuliko ule wa jiwe lenyewe. Kabla ya kutoka wodini, uliza kama umewekewa, tarehe ya kuitoa ni ipi, na ni hospitali gani itakayoitoa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye cheti, kwenye simu yako, na kwenye simu ya ndugu mmoja atakayekukumbusha.